Nimetoka Kanisani, Hofu Haijatoka

MASWALI YA WASOMAJI

Mwezi uliopita tuliandika aya mbili tu kuhusu waumini wanaotishiwa laana ili wasihame kanisa. Tulidhani tumepita pembeni ya jambo. Barua zilizofuata, nyingi kutoka Dodoma mjini na wilaya zake, zimetuonyesha kwamba tulikanyaga kidonda. Tumechagua sita. Majina ya watu na ya makanisa tumeyaondoa, na maelezo mengine tumeyageuza kidogo ili mwandishi asitambulike na jirani. Majibu ni ya dawati zima: mshauri nasaha, mwanasheria na mchungaji mstaafu, ambao hawakukubaliana katika kila kitu.

*Bwana asifiwe. Nimeandika hivyo kwa mazoea, lakini siku hizi mtu akinisalimia hivyo njiani nashindwa kuitikia. Nilihudumu miaka sita katika huduma moja hapa mjini, mlangoni kwanza, kisha katibu wa idara ya wanawake. Mwaka jana niliuliza hesabu ya fedha za ujenzi. Nikasimamishwa mbele ya kanisa nikaambiwa nina roho ya Yezebeli, na kwamba nikitoka chini ya mwavuli wa baba wa kiroho nitazika mtoto. Nimetoka, sasa ni miezi saba. Jumamosi usiku silali. Spika za mkesha zikianza mtaa wa pili mikono inatetemeka hadi naweka kikombe chini. Mwanangu alipougua malaria mwezi wa tatu nilijua ndiyo yenyewe. Mume wangu anasema nisahau. Nimtafute nani? — Dada wa Nkuhungu*

Dada, pole sana. Tuanze na mikono, maana Jumamosi haiko mbali.

Kwa miaka sita sauti ya spika ilikuja pamoja na kufunga, kukesha, na macho ya watu yanayopima kama umefika mapema au umechelewa. Mwili ukakariri. Wewe umeshatoka, ila mwili ukisikia ile sauti unajiandaa kwa yaleyale: moyo mbio, viganja jasho, mikono haitulii. Hayo si mapepo yaliyokufuata nyumbani. Aliyewahi kupata ajali ya basi hushtuka breki zikilia, na hakuna anayemkemea pepo la breki.

Ikianza, usishindane na mikono. Kaa, vua viatu, weka nyayo zote mbili sakafuni. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita, kwa dakika tano za saa ya ukutani. Kutoa ndiko kunakotuliza, kwa hiyo hapo ndipo pasipotaka haraka. Wengi huvuta pumzi kubwa za mfululizo, kizunguzungu kinawashika, wanadhani wanazidiwa. Ukishatulia kidogo taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: ndoo, pazia, daftari la mtoto, chochote. Utajiona kama unacheza na watoto. Fanya tu, kunakurudisha kwenye chumba ulichomo usiku huu. Na Jumamosi unayojua kuna mkesha, usingoje spika zianze. Hamia chumba cha upande wa pili, na mume wako akae nawe hadi saa sita. Kwa kweli mpe kazi hiyo. "Sahau" ni neno la mtu anayetaka kusaidia na hajui aanzie wapi. "Kaa nami Jumamosi hadi saa sita" ni jambo analoweza kulitekeleza.

Sasa laana. Tishio la namna hii halihitaji uwezo wowote ili lionekane limetimia. Linahitaji muda. Aliyekutishia hakutaja mwezi, hakutaja ugonjwa, na nyumba yenye watoto haimalizi mwaka bila homa. Malaria ya mwezi wa tatu Dodoma huja na mbu wa madimbwi ya mvua. Nenda zahanati uliyompeleka mwanao, muulize nesi ni watoto wangapi walipimwa wakakutwa nayo mwezi ule, kisha ujiulize wangapi kati yao wazazi wao walidai hesabu za ujenzi. Nunua daftari dogo. Kila usiku andika mistari mitatu: baya lililonipata leo, jema lililonipata, na mtu mwingine ninayemjua aliyepatwa na baya kama langu bila kuhama kanisa popote. Usilisome mpaka wiki nne ziishe. Mwenye hofu huhesabu upande mmoja tu wa daftari, na hilo ndilo jicho alilokupandikizia.

Mchungaji wetu ameomba nafasi hapa. Anasema mstari wanaotishiwa nao watu wengi, ule wa "msiwaguse masihi wangu", uko Zaburi ya 105, aya ya 15, na ukirudi nyuma aya tatu tu utakuta unawahusu nani: watu wachache, wageni, wanaotangatanga toka taifa hata taifa, na wanaokemewa kwa ajili yao ni wafalme. Yaani mwenye nguvu anaonywa asimdhuru mnyonge. Kuugeuza ukamlinde mwenye nguvu asiulizwe hesabu ni kuusoma kichwa chini miguu juu. Anaongeza Mithali 26:2, kwamba laana isiyo na sababu haimpigi mtu. Kama kufungua Biblia bado kunakuletea sauti ya yule aliyekutishia, iache kabatini. Itakungoja.

Nani wa kumtafuta? Mmoja kwanza, wala si lazima awe mtaalamu. Awe mtu asiye na cheo katika huduma ile wala ndugu ndani yake, asiyekudai kitu, na uliyewahi kumwambia "hapana" akabaki rafiki yako. Sifa hii ya tatu ndiyo tunayoipima kuliko zote. Usimmwagie yote siku ya kwanza. Mwambie jambo dogo, kisha nyamaza wiki mbili. Likikurudia kupitia kinywa cha mtu mwingine, umejua kwa bei nafuu. Ukimkubali mwambie unachotaka, kwa sababu watu wetu wakisikia habari ya kanisa hukimbilia ama kuomba ama kutoa hukumu. Sema hivi: "Nataka unisikilize nusu saa. Usiniombee leo, usiniambie nisamehe, na usimpigie simu mtu yeyote." Akishindwa hayo matatu si mbaya, ila si wake mzigo huu.

Kuhusu wataalamu: miezi saba ya Jumamosi bila usingizi ni muda mrefu mno. Nenda kituo cha afya au hospitali ya mkoa uulizie kliniki ya afya ya akili, au nenda moja kwa moja Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma. Tunajua hapa Dodoma "utapelekwa Mirembe" ni tusi. Lakini Mirembe ina kliniki ya wanaokuja na kuondoka, na wengi wanaokaa kwenye mabenchi yale asubuhi wanarudi makazini mchana. Andika kwenye karatasi kabla hujaenda: hali ilianza lini, unalala saa ngapi kwa usiku, unakula vipi, nini hukushtua, kama kuna dawa unatumia, na kama umewahi kufikiria kufa. Usilifiche hilo la mwisho. Wazo la kujiua likija, usingoje tarehe ya kliniki: mwambie mume wako na mwende hospitali siku hiyohiyo. Ukikutana na mhudumu anayeanza kukukemea pepo badala ya kukusikiliza, omba kwa adabu upelekwe kwa mwingine. Ni haki yako kama mgonjwa.

Kutetemeka kunaweza kupungua ndani ya wiki chache huku hofu ya laana ikikaa mwaka. Kila kimoja kina mwendo wake, usipime kimoja kwa kingine.

*Mdogo wangu ana kifafa tangu utoto. Kwenye maombezi aliambiwa amepona, dawa ni kutokuamini, akazimwaga mbele za watu. Wiki ya tatu sasa, na ameanguka mara mbili. Anasema anajaribiwa. — Kaka, Bahi*

Kaka, ukimaliza kusoma aya hii mpeleke kliniki. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla huweza kuleta degedege zinazofuatana bila mgonjwa kuzinduka katikati, na hizo huua. Usimpe mwenyewe vidonge vilivyosalia kwa kipimo cha zamani: wiki tatu zimepita, na baadhi ya dawa huanzwa upya kidogokidogo. Usimzidishie pia ili kufidia siku zilizopotea. Beba kadi yake, pakiti au picha ya dawa, tarehe aliyoacha, na tarehe na urefu wa kila anguko.

Akianguka kabla hamjafika: mwondolee vitu vigumu karibu, mlaze ubavu, weka nguo chini ya kichwa, tazama saa. Msitie kijiko wala kidole mdomoni, msimbane. Ikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajazinduka, ni hospitali mara moja.

Usibishane naye kama Mungu anaponya. Utabishana mpaka usiku na dawa itakuwa haijanywewa. Mwambie tu aliyeponywa hapotezi kitu akipimwa, na daktari ndiye ampunguzie dawa kama kweli amepona. Hayo yanawahusu pia wenye kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu na wanaotumia ARV, dawa za VVU. Wa ARV warudi CTC yao, kliniki wanakochukulia dawa, na kusema ukweli waliacha lini. Aibu ya kugombezwa dirishani inawafanya wengi waongope kwamba hawajaacha, na hapo daktari anaamua kwa taarifa ya uongo. Wizara ya Afya ina namba 199 ya kupiga bure kama hamjui pa kuanzia.

*Tumetoka watu tisa kwa pamoja, Ipagala na Makulu. Tunataka tuwe tunakutana kusaidiana. Mmoja wetu alikuwa mchungaji msaidizi, ameshauri tuanze ibada nyumbani kwake. Mnashauri nini? — Mwenzenu katika safari*

Tunashauri msianze ibada, na hasa msianzie nyumbani kwake. Inawezekana ni mtu mwema kabisa. Tatizo ni kwamba nyie nane mmezoea kuongozwa, yeye amezoea kuongoza, na kila mmoja ataangukia nafasi yake ya zamani kama maji yanavyotafuta mfereji. Miezi minane baadaye mtakuwa na baba wa kiroho mpya, safari hii mmemtengeneza wenyewe. Huo ndio mwisho wa vikundi vingi vya namna hii. Mwisho mwingine ni kikundi cha kumsengenya nabii: kila mkutano video zake mpya, kicheko, hasira, na watu wanarudi nyumbani wamechoka kuliko walivyokuja.

Kinachosaidia ni kidogo na kinachosha kidogo. Mkutane mara moja kila wiki mbili, dakika tisini, watu wasizidi wanane. Nyie mko tisa, kwa hiyo wakati wa kuzungumza gawanyikeni watatu watatu. Mahali pawe pa kati: chumba cha kulipia, bustani yenye kivuli, ukumbi mdogo wa mtaa. Sebule ya mtu humfanya mwenye nyumba kuwa mwenyeji, na mwenyeji hukatalika kwa shida. Anayeendesha abadilike kila mkutano kwa zamu ya herufi, na kazi yake ni moja, kutunza saa. Michango iishie kwenye chai, na anayekunywa ndiye anayelipa. Msifungue mfuko wa kusaidiana mwaka wa kwanza. Tunajua itawauma, kwa kuwa Watanzania tukikaa watatu tunachanga. Lakini fedha ndiyo iliyowaumiza, uacheni mkono upumzike.

Simu ziwekwe kwenye kikapu, hakuna kurekodi. Kila mtu ana dakika kumi zake. Anaweza kuzikaa kimya, na wengine wakae naye kimya. Baada ya hapo wanaosikiliza wanaruhusiwa kuuliza kitu kimoja tu: "Unataka ushauri au unataka tusikie?" Asiyetaka ushauri asipewe. Maombi yasiwe sehemu ya ratiba. Wanaotaka kuomba wabaki dakika kumi baada ya muda, na wanaoondoka waondoke bila kuagwa kwa macho. Katika tisa wenu yupo atakayekuwa hataki tena kusikia jina la Mungu kwa muda, na yupo ambaye bila zaburi hafiki asubuhi. Wote wawili wakae benchi moja.

Jambo ambalo vikundi husahau: wekeni tangu siku ya kwanza namna ya kuondoka. Mtu akisema "sitakuja tena", jibu liwe "asante, karibu wakati wowote", na asipigiwe simu ya kuulizwa kulikoni. Mtashangaa jinsi ilivyo vigumu. Jaribuni kwa zamu, kama mchezo, mkutano wa pili: kila mmoja aseme anaondoka na aagwe hivyo. Wapo watakaolia, kwa sababu hawajawahi kuondoka mahali wakaagwa vizuri.

Na mwenzenu akianza kusema habari za kujidhuru, au akisimulia kosa la jinai, kikundi si mahali pake pa mwisho. Mmoja amsindikize hospitali au polisi. Andikeni hilo kwenye karatasi ya kanuni ili siku hiyo msianze kujadiliana.

*Binti wa kaka yangu, miaka 15, anaitwa peke yake ofisini kwa "maombi ya siri". Ameniambia kilichotokea Jumapili. Wazee wa kanisa wanataka tukae kikao cha suluhu Alhamisi. — Shangazi, Mpwapwa*

Shangazi, msiende kwenye kikao hicho. Hili ni kosa la jinai, na mtoto wa miaka 15 sheria haiangalii kama "alikubali".

Saa zinahesabika. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa ikipungua ni afadhali. Ya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri mapema, mwisho siku tano. Mpelekeni hospitali asioge kwanza kama bado hajaoga. Nguo alizovaa zifungeni kwenye karatasi au khanga safi, si mfuko wa plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi. Kama muda umepita, nendeni bado. Matibabu yatangulie, fomu ya polisi ya PF3 ifuate. Polisi ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto, na hospitalini mkaulize Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako tiba, polisi na ustawi wa jamii hukutana chini ya paa moja. Namba 116 ni ya bure kwa masuala ya watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Kwa hiyo hamhitaji kibali cha mzee yeyote wa kanisa.

Binti asisimulie mara kumi. Msikilize mara moja, andika maneno yake kama alivyoyasema na tarehe, kisha anayehitaji kuuliza zaidi awe polisi au daktari. Mwambie maneno mawili leo: nimekuamini, hukukosea. Watu watakuja na "utaliaibisha kanisa". Mjibu ukiwa umesimama mlangoni, usimkaribishe kiti.

*Mimi ni mkulima wa zabibu, Chamwino. Kwenye kongamano nilitamka kutoa eka moja kuwa sadaka ya agano, na nilikopa laki nane VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikazituma kama mbegu. Mavuno yalikuwa mabaya, marejesho yamenishinda. Mke wangu hakujua. Naweza kudai? — Mkulima*

Ndugu mkulima, tenganisha shamba na fedha, kwa sababu sheria inavitenganisha.

Shamba liko pazuri zaidi kuliko unavyodhani. Kutamka madhabahuni hakuhamishi ardhi. Uhamisho unataka maandishi, na kama eka hiyo ni ya kimila kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka upite halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo swali la kwanza ni: umesaini nini? Kama hujasaini, usisaini, hata ile wanayoita "fomu ya kumbukumbu tu". Nenda kwa mtendaji wa kijiji kuuliza kama kuna ombi lililoingia kwa jina lako, na uache barua yako kwamba huna nia ya kuhamisha. Nakala yako igongwe muhuri. Kama ulisaini, tafuta msaidizi wa kisheria kabla ya kufanya lolote. Wapo kwenye wilaya nyingi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huduma yao ni bure, watakuandikia barua na kukuelekeza, ingawa hawatasimama mahakamani badala yako. Kama wengine wameshaanza kulima hapo, Baraza la Kata husuluhisha. Likishindwa, mwenye uamuzi ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tukumbushe pia wasomaji wengine: nyumba ya ndoa haiuzwi wala kugawiwa na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwingine, Sheria ya Ndoa ya 1971 imelisema hilo.

Fedha ni habari nyingine, na hatutakudanganya. Sadaka uliyoitoa kwa hiari na ikapokelewa ni zawadi, kuirudisha ni shida. Mlango unafunguka kidogo kama kulikuwa na udanganyifu unaoweza kuuthibitisha: kwa mfano uliambiwa fedha ni ya kisima fulani na kisima hakipo, na ujumbe unao. "Utavuna mara mia" haitoshi mbele ya hakimu. Hata hivyo kusanya: omba taarifa ya miamala kwenye duka la kampuni yako ya simu, piga picha jumbe zote, andika tarehe. Kama huduma imesajiliwa, ina katiba na viongozi waliotajwa. Malalamiko ya maandishi hupelekwa kwa Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, au RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kama ni bodi ya wadhamini. Andika ukurasa mmoja, hasira iache nyumbani.

VICOBA nenda kabla ya siku ya marejesho, si baada ya kukwama. Peleka kiasi unachoweza, hata elfu ishirini, na pendekezo la miezi mipya kwa maandishi. Kikundi humvumilia anayekuja mwenyewe.

Mke wako mwambie wiki hii. Mwambie jumla yote mara moja, pamoja na yale madogo madogo ya kila Jumapili. Anayeungama kwa awamu huanza upya kila awamu. Atakasirika, na ana haki. Usimjibu kwa kusema ulifanya kwa ajili ya familia, hata kama ni kweli. Hilo liseme mwezi ujao.

(Dada mmoja wa Kizota ameuliza kuhusu ushuhuda wake wa video, uliosimulia ugonjwa wake, ambao bado unachezwa mtandaoni. Aandike kwa huduma hiyo kuondoa ridhaa yake na kutaka video iondolewe, atunze nakala, na wakikaidi apeleke malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa kwa sheria ya 2022. Habari za afya ya mtu zina ulinzi wa pekee humo.)

*Mwaka mzima sijakanyaga kanisani. Mama yangu, Mwanglikana wa Mvumi, analia kila Jumapili. Mimi sijaacha kuamini, ila nikiona mtu amevaa kola napata kichefuchefu. Nirudi? Nitajuaje kanisa salama? — Kijana wa Kikuyu*

Hapa ndipo dawati lilipogawanyika. Mchungaji wetu anaona mwaka unatosha kuanza kuchungulia. Mshauri anaona kichefuchefu ndicho kinachopanga ratiba. Tumekubaliana kwamba usirudi kwa sababu ya machozi ya mama.

Ukiamua kuchungulia, kaa benchi la nyuma karibu na mlango, uwe na nauli yako mwenyewe, na ujiruhusu kutoka katikati. Kitabu cha wageni usiandike namba ya simu. Sema tu, "leo hapana, asante", kisha uangalie wiki nzima inayofuata kama kuna anayekutafuta. Hapana ndogo huonyesha hapana kubwa itapokewaje. Miezi mitatu usijiunge na kwaya wala idara, hata wakikusikia una sauti. Kwa Wagogo kuimba ni mtego mtamu, ukishashika ngoma huondoki.

Kabla ya kujiandikisha muulize mzee wa kanisa maswali manne, kwa sauti ya kawaida kama anayeuliza bei ya mahindi. Fedha zinatolewa benki kwa saini za wangapi? Mara ya mwisho mapato na matumizi yalisomwa lini mbele ya watu? Mchungaji akishtakiwa, nani anamsikiliza asiye chini yake? Nani amehama hapa karibuni, na mkikutana sokoni mnasalimiana? Anayejibu kwa utulivu, hata akisema "hilo la pili tumelegea", ni dalili njema. Anayekuuliza wewe una roho gani, mshukuru na uende. Makanisa ya zamani, lenu likiwa na sinodi na halmashauri zake, yana ngazi za kupeleka malalamiko ambazo huduma ya mtu mmoja haina. Ngazi hizo zipo; kama watu wanazipanda ni swali jingine, ndiyo maana uliza.

Mama yako usimjibu kwa mahubiri wala kwa kukwepa simu. Anachoogopa si jambo moja: roho yako, na majirani. La majirani huwezi kulitibu. Mpigie Jumamosi jioni, kabla hajaanza kungoja, umwambie: "Shikamoo mama. Kesho ibadani sitakuja, ila chakula cha mchana nakuja kula kwako, niwekee mlenda." Kisha uende kweli, na ufike kabla hajatoka kanisani, akukute umekaa kibarazani.